Kijidudu Hakijui Mipaka ya Wizara

Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, Mwalimu Julius Nyerere aliwataja maadui watatu ambao taifa changa lilipaswa kupigana nao: ujinga, umaskini na maradhi. Maneno hayo yamekaririwa mikutanoni na madarasani kwa muda mrefu hata yamekuwa kama salamu, na hatari ya salamu ni kwamba mtu huiitikia bila kufikiri. Ujinga tumeujengea shule, na umaskini tumeutungia mipango. Maradhi tumeyajengea hospitali, tukadhani kwamba kwa kufanya hivyo tumemfikia adui mahali anapoishi. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba adui huyo wa tatu haishi hospitalini. Hospitalini hufika mwishoni mwa safari yake. Safari yenyewe huanzia kisimani, zizini na shambani. Na kwa kuwa watumishi wa umma na walimu ndio wanaokaa karibu na mahali hapo, wao ndio askari wa kwanza wa vita hivi, wapende wasipende.

Tuanze kwa kumtambua adui mwenyewe. Magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Aina zake ni nyingi, lakini kwa mahitaji yetu yatosha kutaja makundi manne: bakteria, ambao ni viumbe vya seli moja, virusi, ambavyo ni vidogo zaidi na haviwezi kuzaana mpaka viingie ndani ya seli ya kiumbe kingine, kuvu, jamaa wa ule ukungu unaoota juu ya mkate uliokaa siku nyingi, na vimelea vya namna ya kile kinacholeta malaria. Wala haifai kuvichukia vijidudu vyote. Vilivyo vingi havina madhara, na vingine ni rafiki zetu. Bakteria wakaao katika vinundu vya mizizi ya maharage na kunde huilisha mimea hiyo naitrojeni ya hewani, na wale walio tumboni mwa ng'ombe ndio wanaomwezesha kupata lishe katika majani makavu. Waovu ni wachache, ila wachache hao wametuzika wengi.

Maarifa ya kuwatambua hayajakaa duniani muda mrefu sana. Tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch aliwaeleza wenzake mjini Berlin kwamba amemgundua bakteria wa kifua kikuu. Mtaalamu huyohuyo alikuja baadaye katika nchi hii, wakati ule ikiwa koloni la Wajerumani, akachunguza homa ya papasi katika njia za misafara, akaona kwamba papasi aliyeambukizwa huwarithisha watoto wake vijidudu kwa njia ya mayai. Maana yake ni kwamba hata mgonjwa wote wakipona, ugonjwa waweza kubaki ndani ya nyufa za nyumba ukimngoja mgeni wa kesho. Hilo ndilo fundisho la kwanza la makala haya: kumtibu mgonjwa ni wajibu, lakini kumtibu mgonjwa hakuondoi ugonjwa mahali ulipo.

Fundisho la pili ni kwamba, iwe kwa mtu, kwa mnyama au kwa mmea, kijidudu hufuata kanuni moja. Sharti kipate mlango wa kuingilia. Kikishaingia, sharti kipate mahali pa kujishika na chakula cha kuzaliana. Sharti kiushinde au kiukwepe ulinzi wa mwili. Mwisho, sharti kipate njia ya kutoka na mchukuzi wa kukipeleka kwa mwingine. Kikikosa hata jambo moja kati ya hayo, kinakwama. Kwa hiyo mwenye kutaka kupigana nacho hahitaji kukizuia kila mahali. Yamtosha kujua ni wapi mlango ulipo na nani anayekibeba.

Tuchukue kipindupindu. Wimbi la saba la ugonjwa huu duniani lilianzia Indonesia mwaka 1961, mwaka uleule wa Uhuru wetu. Lilifika Afrika mwaka 1970, na Tanzania ikapigwa vibaya mwaka 1977 na 1978. Bakteria wake huingia kwa mdomo, katika maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mgonjwa. Tumboni hukutana na tindikali, na wengi hufa papo hapo. Wanaosalia huogelea mpaka utumbo mwembamba, hujibandika ukutani mwake, kisha hutoa sumu inayoulazimisha utumbo kumwaga maji na chumvi za mwili, hata mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza lita moja kwa saa. Kwa namna hiyo kijidudu hujitengenezea njia ya kutoka, kwani maji hayo yanayomtoka mgonjwa hubeba vijidudu visivyo na idadi na kuvirudisha katika kisima cha jirani. Tiba yake ni maji, chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, na mgonjwa anayewahishwa hufa kwa nadra sana, chini ya mmoja katika mia. Hata hivyo mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea mikoani na kudumu zaidi ya miaka miwili, ukawapata watu zaidi ya 30,000 na kuua zaidi ya 500. Haiwezekani kusema kwamba watu hao walikufa kwa sababu sayansi haijajua. Mlango wa kipindupindu umejulikana tangu karne ya kumi na tisa, nasi bado tunauacha wazi.

Hapa msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya Wizara ya Afya. Na tutazame basi ugonjwa wa pili, ambao haukuanza kwa mtu. Homa ya Bonde la Ufa iligunduliwa mwaka 1931 karibu na Naivasha nchini Kenya, pale wanakondoo walipokuwa wakifa ovyo. Virusi vyake huweza kukaa ndani ya mayai ya mbu wa aina fulani, mayai yaliyotagwa ardhini katika vijibonde vikavu, yakangoja huko hata kwa miaka. Mvua kubwa ikija na vijibonde vikafurika, mayai huanguliwa, na mbu wanaozaliwa wanakuwa tayari na silaha. Huwauma ng'ombe, mbuzi na kondoo, nao wenye mimba huzitupa na ndama wachanga hufa. Kutoka hapo virusi humfikia mtu kwa damu na nyama anapochinja au kuchuna, anapomsaidia mnyama aliyetupa mimba, au anapoumwa na mbu. Walio wengi hupata homa ya kawaida na kupona. Wachache hutokwa damu, au hupofuka, au huvimba ubongo.

Mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007 ugonjwa huu ulizikumba Somalia, Kenya na Tanzania. Hapa kwetu, Dodoma ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Baadaye watafiti waliwauliza wafugaji wa Kenya na Tanzania mambo yalivyokwenda. Wafugaji walijibu kwa mpangilio: kwanza mvua isiyo ya kawaida, kisha wingi wa mbu usio wa kawaida, kisha mifugo kuugua na kutupa mimba, na mwishoni kabisa watu kuugua. Ndugu msomaji, yatafakari maneno hayo. Kati ya mimba ya kwanza kutupwa zizini na mtu wa kwanza kulazwa wodini zilipita siku nyingi. Zilikuwa siku za kuwaonya wachinjaji, kuzuia uhamishaji wa mifugo na kuwaandaa waganga wa zahanati. Wafugaji waliziona dalili. Laiti kila aliyeziona angekuwa na mtu wa kumweleza, na huyo aliyeelezwa angekuwa na wajibu wa kumweleza mganga siku ileile, baadhi ya waliozikwa mwaka ule wangekuwa hai.

Tena tusidhani kwamba jambo hili hutokea kwa nadra, wakati wa mafuriko tu. Mwaka 2007 na 2008 ulifanyika uchunguzi katika hospitali mbili za mji wa Moshi, ukawahusu wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria. Vipimo vya maabara vilionyesha kwamba malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu, yaani chini ya wawili katika kila mia. Kwa upande mwingine, karibu robo ya waliopimwa walikuwa na magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, kama vile brusela ipatikanayo katika maziwa mabichi na homa ya mgunda iletwayo na mkojo wa panya na wa mifugo. Mgonjwa wa brusela apewapo dawa ya malaria hapati nafuu, na fedha yake imepotea. Daktari aliyempa dawa hiyo hakuwa mzembe. Alikuwa ametengwa na habari za zizi alikotoka mgonjwa wake, kwa sababu habari hizo zilikuwa mali ya idara nyingine.

Tufike sasa shambani, mahali ambapo wengi hawafikirii kwamba kuna maambukizi. Mmea nao huugua kama mtu, ingawa hauna mdomo wala pua. Seli zake zimezungukwa na kuta ngumu, na ngozi ya jani imepakwa nta. Kuvu wa kutu ya kahawa huhitaji tone la maji juu ya jani. Hapo huchipua, kisha hupenya katika matundu madogo ambayo jani hupumulia. Virusi haviwezi kupenya ukuta kwa nguvu zake, hivyo hungoja jeraha au mdudu mwenye mdomo wa kufyonza. Mmea hauna damu ya kupeleka askari wake mahali pa hatari. Kila seli hujilinda yenyewe, na wakati mwingine seli zilizoshambuliwa hujiua ili kumfungia adui ndani yake asiendelee. Wala mmea hauwezi kukimbia. Anayeusafirisha, na kuusafirisha pamoja na ugonjwa wake, ni mwanadamu.

Mfano ulio karibu ni muhogo, chakula cha mamilioni ya watu wa pwani na wa Kanda ya Ziwa. Ugonjwa wa batobato uliandikwa kwa mara ya kwanza na wataalamu wa Kijerumani katika nchi hii mwaka 1894. Ule wa michirizi ya kahawia ulielezwa mwaka 1936 na mtaalamu Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara. Yote miwili ni ya virusi, na yote miwili huenezwa kwa njia mbili: inzi weupe wanaofyonza majani, na pingili ambazo mkulima hukata katika shamba la zamani na kupanda katika shamba jipya au kumpa shemeji yake wa kijiji cha pili. Michirizi ya kahawia ni ya hila kuliko wenzake. Majani yaweza kuonekana ya kuridhisha, lakini siku ya kuvuna mama anachimba na kukuta mihogo imeoza kikavu ndani, haifai kwa chakula wala kwa soko. Kwa nyumba iliyotegemea shamba hilo, siku hiyo ni sawa na msiba.

Kule Kagera kuna mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria uliojulikana kwanza Ethiopia, ukagunduliwa Uganda mwaka 2001 na kuvuka mpaka wetu miaka michache baadaye. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake na kwa mafungu, na shina likikatwa hutoka utomvu wa manjano. Bakteria huingizwa na wadudu wanaozuru ua dume lililo chini ya mkungu. Lakini mchukuzi mwaminifu kuliko wote ni panga. Mtu hukata majani katika mgomba mgonjwa, kisha bila kulisafisha panga lake huukata mgomba mzima, kisha wa tatu, kisha huliazima kwa jirani. Dawa ya kutibu haipo. Kinga ipo, nayo ni rahisi: kuvunja ua dume kwa mti wenye panda badala ya panga, kupitisha panga motoni au kulisafisha kwa jiki, na kuondoa mara moja kila mgomba ulioonyesha dalili. Nani asiyeona kwamba kanuni hii ni ileile ya muuguzi anayechemsha vyombo vyake na ya mwalimu anayewahimiza watoto kunawa mikono? Panga la mkulima wa migomba, kisu cha mchinjaji na mkono wa mpishi ni mchukuzi mmoja mwenye majina matatu.

Yapo pia maradhi yanayounganisha shamba na wodi moja kwa moja. Mahindi au karanga zisizokaushwa vizuri huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumukuvu inayoharibu ini. Mwaka 2004 nchini Kenya sumu hiyo iliua watu 125 katika mlipuko mmoja. Mwaka 2016 ilizipiga familia katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu wakafa. Ng'ombe akilishwa mahindi yaleyale mabovu, sehemu ya sumu hupita katika maziwa na kumrudia mtoto. Sasa tuulize: huo ni ugonjwa wa wizara ipi? Kuvu ilianzia shambani na kukomaa ghalani, ikapita zizini, ikaua hospitalini. Afisa ugani ambaye angefundisha kukaushia mahindi juu ya turubai, na si juu ya udongo, angeokoa maisha mengi kuliko daktari yeyote wa ini, kwani ini likishaharibika hivyo daktari hana la kufanya.

Jambo la mwisho katika mfululizo huu ni usugu wa vijidudu dhidi ya dawa. Bakteria wanapokutana na dawa isiyotosha, walio dhaifu hufa na wachache walio imara hubaki, huzaana, na hata kuwagawia bakteria wa aina nyingine urithi wa uimara huo. Mtu aliyenunua vidonge viwili dukani kwa sababu fedha haikutosha huzalisha usugu. Mfugaji anayewapa kuku wazima dawa kila siku ili wakue haraka huzalisha usugu pia, na bakteria wa kuku hawaulizi hati ya kusafiria kabla ya kuingia jikoni. Tukiendelea hivi, siku itafika ambapo jeraha dogo litaua kama lilivyoua enzi za mababu. Hapa pia, bila bwana mifugo na mganga kusema kwa sauti moja, mwananchi atasikia maneno mawili na kufuata lile lililo rahisi.

Yafaa sasa tujiulize wenyewe, sisi tulio ofisini. Katika kata moja yuko afisa ugani, yuko afisa mifugo, yuko mganga wa zahanati na wako walimu. Mara nyingi wanaishi umbali wa mwendo mfupi na kununua sukari katika duka moja. Hata hivyo taarifa zao hazikutani. Ya kwanza huenda idara ya kilimo, ya pili huenda idara ya mifugo, ya tatu huenda kwa mganga mkuu, kila moja katika jalada lake. Mwalimu, ambaye ndiye wa kwanza kuona kwamba watoto kumi hawakufika darasani, hana pa kupeleka taarifa yake kabisa. Ni kweli kwamba Serikali iliona kasoro hii, na mwaka 2018 ulizinduliwa mpango wa Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu kwa ajili ya kuziunganisha sekta hizi. Lakini mpango uliozinduliwa mjini hauna mguu wa kwenda kijijini usipopewa mguu na watumishi wenyewe.

Kuna na ugonjwa mwingine ambao hauletwi na kijidudu chochote, nao ni woga wa kutoa taarifa. Yuko mtumishi anayechelea kuandika kwamba mifugo inakufa katika eneo lake, asije akaonekana ameshindwa kazi. Yuko kiongozi anayetaka wilaya yake isomwe kuwa safi katika kila kikao. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na kijidudu hakingoji kikao. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilipotangaza hadharani ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, waliougua walikuwa tisa na waliokufa sita, na ilipofika tarehe 2 Juni mlipuko ulitangazwa kwamba umekwisha. Uliporudi, Rais Samia Suluhu Hassan aliutangaza tarehe 20 Januari 2025, na kufikia katikati ya Machi ulikuwa umedhibitiwa. Huo ni ugonjwa mkali kupita kiasi, usio na huruma hata kwa wauguzi. Taifa lenye uwezo wa kusema ukweli mbele ya dunia nzima kuhusu Marburg haliwezi kushindwa kusema ukweli kuhusu mbuzi wanaotupa mimba katika kijiji kimoja. Mtumishi anayeleta habari mbaya mapema anastahili kusifiwa, na mkubwa wake anayemkemea kwa sababu hiyo ndiye anayestahili kuhojiwa.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yanahitaji fedha nyingi. Maabara na chanjo zinahitaji fedha, hilo halina ubishi. Lakini kinachopendekezwa hapa kinahitaji daftari moja na saa mbili kila mwezi. Katika kila kata, afisa ugani, afisa mifugo, mganga na mwalimu mmoja wakutane mbele ya mtendaji, na viongozi wa Chama wa tawi wawepo kusikiliza. Kila mmoja aseme alichokiona: mimea gani imenyauka, wanyama gani wamekufa au kutupa mimba, wagonjwa wa homa wametoka kitongoji gani, watoto wangapi hawakuja shule na kwa nini. Yaandikwe katika daftari hilo moja, na nakala yake iende wilayani kwa idara zote kwa pamoja. Wafugaji na wakulima wazee waalikwe, nao wasikilizwe kama wataalamu, kwani mwaka 2006 wao ndio waliojua kwanza.

Kwa walimu kuna neno la pekee. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma pamoja, na nchi nzima ikachimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Wakati ule majina yalikuwa mawili. Leo tunajua kwamba somo ni moja. Mwalimu wa sayansi aweza kulifundisha bila darubini. Bustani ya shule yenye muhogo mzima na wenye batobato ni maabara. Kibuyu chirizi nje ya choo cha shule ni maabara. Kitambo kidogo cha kuwauliza watoto ni mbwa wangapi wa kijiji wamechanjwa kichaa cha mbwa ni somo la hesabu na la afya kwa wakati mmoja. Mtoto aliyeelewa kwamba mlango ukifungwa kijidudu hukwama atakuwa mkulima, mfugaji au mganga wa namna nyingine kabisa.

Wala hatupigani vita visivyoshindika. Katika historia yote ya binadamu, maradhi mawili tu yameng'olewa duniani kabisa: ndui ya watu, iliyotangazwa kwisha mwaka 1980, na sotoka ya ng'ombe, iliyotangazwa kwisha mwaka 2011. Sotoka ndiyo iliyofyeka mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji wakifa kwa njaa. Yafaa kila mwalimu awaambie wanafunzi wake mahali mapambano hayo yalipoishia. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa wa mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Mara ya mwisho sotoka kuonekana ilikuwa kwa nyati wa Kenya mwaka 2001, na chanjo iliyoimaliza ilitokana na kazi ya Walter Plowright katika kituo cha Muguga, nchini humohumo. Maadui wote wawili waliangukia hapa, katika ardhi ya Afrika Mashariki. Walishindwa kwa chanjo, na kwa watu waliotembea kutoka nyumba hadi nyumba na kutoka boma hadi boma wakiuliza swali moja: je, umeuona ugonjwa huu, na umeuona wapi?

Swali hilo ndilo silaha tuliyo nayo sote, tuwe na cheo au tusiwe nacho. Mtendaji aulize, bwana shamba aulize, mwalimu aulize, na kila atakayejibiwa asilale na jibu hilo moyoni mwake. Kijidudu hakina wizara, hakina idara wala jalada. Kitashindwa siku ile ambayo sisi tulio na hivyo vyote tutakubali kukaa meza moja.